Urithi wa Ariaantje, Binti Yatima wa Rotterdam

Akina mama wenzangu, kuna swali moja ambalo sisi wauguzi humwuliza kila mgonjwa anapolazwa: "Je, katika ukoo wenu yuko mtu aliyewahi kuugua hivi?" Na jibu tunalolipata mara nyingi ni moja: "Hakuna." Tunaandika "Hakuna" kwenye faili, tunaendelea na kazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwuliza swali hilo mama mmoja kijana aliyemleta mtoto wake wa miaka mitano, mwenye maumivu makali ya mifupa na macho ya manjano. Akajibu kama wengine. Mtoto alipimwa, akaonekana ana selimundu. Baada ya hapo nilimwona yule mama akikonda siku hadi siku, maana nyumbani walisema yeye ndiye aliyeingiza ugonjwa katika ukoo wa watu. Mtoto alipolazwa mara ya tatu, mama mkwe alikuja kumwangalia. Nilimketisha pembeni, nikamwuliza taratibu. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilizika wawili. Walikuwa wakivimba mikono na miguu, wakilia usiku kucha. Tuliambiwa tusiyaseme tena."

Bibi huyu alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemwuliza, na yeye alikwisha kufundishwa kunyamaza. Kwa miaka mitatu mke wa mwanawe alibeba lawama isiyokuwa yake peke yake.

Tangu siku ile naliuliza swali la ukoo kwa namna nyingine. Na ninapofundisha akina mama kanisani juu ya afya ya familia, huwasimulia habari ya binti mmoja yatima wa Kiholanzi aliyevuka bahari zaidi ya miaka 300 iliyopita. Habari yake ni ndefu kidogo, lakini vumilia, msomaji mpendwa. Mwisho wake unafika mpaka nyumbani kwako.

Safari ya kutafuta waume

Mwezi wa Aprili mwaka 1652, Jan van Riebeeck alitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema, mahali tunapopaita leo Cape Town, Afrika Kusini. Alitumwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Kampuni hiyo ilitaka kituo ambapo merikebu zake ziendazo Asia zingepata maji, mboga na nyama. Mwaka 1657 baadhi ya watumishi wa Kampuni waliruhusiwa kuacha kazi na kulima mashamba yao wenyewe. Hao ndio waliokuja kuitwa raia huru, na wengi wa watu wanaojiita Waafrikana, ambao huku kwetu tulizoea kuwaita Makaburu, wana damu yao.

Nchi yenyewe haikuwa tupu. Wakhoikhoi walikuwa wakichunga ng'ombe na kondoo wao pale kwa karne nyingi. Kuanzia mwaka 1658 waliletwa pia watumwa wengi, na baadaye wengine wakatoka mbali: Bengal, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na hata pwani ya Msumbiji.

Kati ya walowezi wenyewe, wanaume walikuwa wengi na wanawake wachache. Ndipo Kampuni ikageukia nyumba za yatima za Uholanzi. Mwaka 1688 wasichana wanane wa kituo cha yatima cha Rotterdam walifika Rasini kwa merikebu iliyoitwa China. Mmoja wao aliitwa Ariaantje.

Hebu jiweke mahali pake. Huna baba wala mama. Unaambiwa kuna nchi ng'ambo ya bahari, kuna wanaume wanaotafuta wake. Safari inachukua miezi mingi. Maji ya kunywa yanaoza ndani ya mapipa, watu wanakufa kwa kukosa matunda na mboga. Unashuka bandarini na kasha lako dogo, na mwaka huohuo unaolewa.

Ariaantje aliolewa na Gerrit Jansz van Deventer, raia huru aliyekuwa amefika mwaka 1685. Wakalima, wakazaa watoto, na watoto wakazaa. Kama mtu angemwuliza Ariaantje katika uzee wake ni kitu gani amewaachia wanawe, labda angetaja shamba, mifugo na vyombo vya nyumbani. Asingeweza kujua kwamba nyumba yao iliacha na urithi mwingine usioonekana kwa macho.

Mikono yenye malengelenge

Sasa turuke miaka 260 hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja kijana kutoka Uingereza, Geoffrey Dean, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 unaitwa Gqeberha. Huko alikutana na jambo lililomsumbua sana.

Mgonjwa mmoja alikuwa muuguzi kijana. Alipewa dawa za usingizi za jamii ya barbichureti, ambazo siku zile zilitolewa kila mahali, kama tunavyotoa leo vidonge vya kutuliza maumivu. Badala ya kupata nafuu alizidiwa, viungo vyake vikapooza, akafa. Dean alipoiangalia familia ya marehemu, aliona kitu. Ngozi ya nyuma ya mikono yao ilikuwa laini mno: ikigongwa kidogo huchubuka, ikipigwa na jua hutoka malengelenge, na kuacha makovu. Wenyewe hawakushangaa. Walisema hiyo ndiyo "ngozi ya akina Van Rooyen", wamezaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na pua ndefu.

Mimi nikiwa muuguzi, kila nisomapo habari hii namfikiria yule dada. Alikuwa akiwatunza wengine kwa dawa zilezile zilizomwua. Alama ya hatari ilikuwa juu ya mikono ya ndugu zake mwenyewe, na familia nzima waliijua, tena walikuwa wameipa jina. Ila hakuna aliyejua kwamba ngozi ile na kifo kile ni ndugu wa tumbo moja.

Ugonjwa huo huitwa porifiria, na aina hii huonekana kwa ngozi na kwa mishipa ya fahamu pia. Nitaueleza kwa ufupi. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya hemu, kitu ambacho mwili hukitengeneza hatua kwa hatua, kama mama anavyopika pilau: kuna kukaanga vitunguu, kuna viungo, kuna mchele. Kila hatua ina mpishi wake, yaani kimeng'enya. Mwenye porifiria ana upungufu katika hatua moja, kimeng'enya chake kinafanya kazi kwa nusu tu. Siku za kawaida nusu hiyo yatosha, na wengi wenye kasoro hii hawaugui kabisa maisha yao yote. Lakini zipo dawa zinazoliamrisha ini litengeneze hemu kwa haraka. Hapo kazi hukwama katikati, vitu ambavyo havijaiva vikarundikana mwilini, na mgonjwa akashikwa.

Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo, kutapika, kufunga choo, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na pengine mkojo kubadilika rangi kuwa mwekundu-kahawia ukiachwa kwa muda. Mishipa ya fahamu ikidhurika, viungo hulegea, hata misuli ya kupumua. Wengi wa wanaoshikwa ni wanawake, tena baada ya kuvunja ungo, kwa sababu homoni za kike nazo huchangia.

Sasa ona mtego wenyewe. Mgonjwa analia tumbo, daktari anafikiri ni kidole tumbo, anaamua kupasua. Ili kupasua anampa nusu kaputi ya thiopentoni, ambayo nayo ni barbichureti. Tumbo linafunguliwa, hakuna kitu. Na dawa ile ndiyo inayommaliza mgonjwa. Wengine walihesabiwa kuwa na wazimu kabla ya kufa.

Kupanda mti wa ukoo

Dean aliamua kufuata ugonjwa huo ulikotoka. Alianza na walio hai. Alitembelea mashamba, akaangalia mikono, akauliza nani alikufa, akiwa na umri gani, na alikufaje. Pamoja na mwenzake Hubert Barnes alipima choo cha watu, kwa maana choo cha mwenye kasoro hii, kikitayarishwa na kumulikwa kwa taa ya mionzi maalumu, huonyesha rangi nyekundu. Mwaka 1955 wawili hao walitoa taarifa yao juu ya namna ugonjwa huo unavyorithiwa.

Lakini wafu hawapimwi. Kwao ilibidi aende kwenye maandishi, na hapa ndipo kanisa lilipotoa msaada mkubwa. Kanisa la Kiholanzi pale Rasini lilikuwa na vitabu vya ubatizo na ndoa tangu mwaka 1665. Kila mtoto aliyebatizwa aliandikwa jina, jina la baba, la mama, na la mashahidi. Familia nyingi pia zilikuwa na Biblia kubwa ya nyumbani, na katika kurasa za mwanzo baba aliandika kwa mkono wake siku ya ndoa, siku ambazo watoto walizaliwa, na siku ambazo walizikwa. Tena kulikuwa na kazi ya Christoffel Coetzee de Villiers, aliyekusanya orodha ya familia za kale za Rasi. Yeye alifariki kabla ya kitabu chake kuchapwa, kikatolewa baadaye katika majuzuu matatu, mwaka 1893 na 1894.

Usidhani kazi ilikuwa rahisi. Waholanzi wa zamani wengi hawakuwa na jina la ukoo. Jansz maana yake ni mwana wa Jan, kama sisi tusemavyo bin fulani. Van Deventer maana yake ni wa kutoka mji wa Deventer. Jina la Ariaantje mwenyewe limeandikwa kwa namna mbalimbali, kila karani kwa sikio lake. Zaidi ya hayo walikuwa na desturi ambayo makabila yetu mengi tunaifahamu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa majina ya bibi zao. Matokeo yake, katika ukoo mmoja wapo akina Gerrit kumi, binamu watupu, na wengine wamezaliwa mwaka mmoja! Mtafiti akikosea Gerrit mmoja tu, mti wote unapinda.

Hata hivyo Dean alipanda tawi moja baada ya jingine. Familia ambazo hazikujuana kabisa, za majina tofauti na za wilaya zilizo mbalimbali, zilianza kukutana kwa bibi mmoja, kisha kwa babu mmoja. Mwisho matawi yakakutana kwenye shina moja: ndoa ya mwaka 1688, ya Gerrit Jansz na Ariaantje, binti yatima wa Rotterdam.

Mwaka 1996 watafiti wa Afrika Kusini, wakiwemo Peter Meissner na Richard Hift wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walitangaza kwamba wameikuta kasoro yenyewe ndani ya jeni, nayo ni ileile kwa karibu familia zote zilizopimwa. Baadaye kasoro hiyohiyo ilikutwa kwa familia za huko Uholanzi. Kile ambacho Dean alikisoma katika vitabu vya ubatizo kilithibitishwa ndani ya damu. Leo inakadiriwa kwamba katika kila Waafrikana 1,000, watatu hivi wanaibeba.

Mti hauna ubaguzi

Jambo moja zaidi laonekana mtu akipekua vitabu hivyo. Kasoro hii imekutwa pia kwa watu wa Afrika Kusini waitwao Machotara, ambao sheria za ubaguzi ziliwaweka kundi lao peke yao. Na upande wa pili, familia nyingi zilizojiita nyeupe tupu zilikuta majina ambayo hazikuyatarajia: bibi aliyeandikwa "wa Bengal", yaani mtumwa aliyeletwa kutoka India, au bibi Mkhoikhoi.

Anayejulikana zaidi ni Krotoa. Alikulia kwenye nyumba ya Van Riebeeck, akawa mkalimani kati ya Waholanzi na watu wake. Alibatizwa mwaka 1662 kwa jina la Eva, akaolewa mwaka 1664 na Pieter van Meerhof, tabibu wa Kampuni. Mume akafa, mjane akaanza kulewa, akanyang'anywa watoto na kufungwa katika kisiwa cha Robben, akafariki mwaka 1674. Kizazi chake kipo mpaka leo, na wengi wa wajukuu zake waliishi na kufa wakihesabiwa Wazungu. Wakati wa ubaguzi wa rangi wako watu walioogopa kutafuta ukoo wao, wasije wakamkuta Krotoa. Lakini karani wa kanisa alikwisha kuandika, na wino haukufutika.

Nalisema hili kwa sababu hata sisi tunaficha. Tunaficha babu aliyekuwa mtumwa, shangazi aliyeugua akili, mtoto aliyezaliwa nje, kaka aliyekufa kwa kifafa. Tunaita heshima ya ukoo. Lakini ugonjwa hauheshimu usiri wetu. Hupita kimya kimya kutoka kwa mama hadi kwa binti, ukingoja siku ya chumba cha upasuaji.

Nani alaumiwe?

Mara nikifika hapa, mama mmoja huuliza: "Kwa hiyo Ariaantje ndiye aliyewaletea ugonjwa?" Dada yangu, hebu tuelewane. Porifiria ya namna hii hurithiwa kwa mzazi mmoja tu, awe baba au awe mama, sawasawa. Mzazi mwenye kasoro ana jeni mbili, moja nzima na moja yenye hitilafu, na kila mtoto hupewa moja tu kati ya hizo. Ni kama kurusha sarafu kila mimba inapotungwa: nusu kwa nusu. Waweza kuzaa watatu wote wakapona, na waweza kuzaa watatu wote wakaipata.

Selimundu ni tofauti. Huo hauji mpaka baba na mama wote wawili wawe na chembe yake, hata kama wao wenyewe ni wazima kabisa. Hapo kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Kwa hiyo yule mama kijana wa wodini hakuingiza ugonjwa peke yake. Mumewe naye alikuwa nao, kutoka kwa wazazi waliozika wawili. Hakuna aliyetenda kosa. Hakuna aliyechagua.

Siku niliyowaeleza haya bibi, mwanawe na mkewe wakiwa pamoja, yule bibi alimshika mkwewe mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa." Sina la kuongeza hapo. Mtoto anaendelea na kliniki yake.

Na kwa wenye porifiria ya kule Afrika Kusini, kujua ukoo kumeokoa watu wengi. Anayejulikana kuwa nayo hupewa orodha ya dawa za kuepuka, zikiwemo barbichureti, baadhi ya dawa za salfa na baadhi ya dawa za kupanga uzazi. Wengi huvaa bangili au hubeba kadi, ili hata wakiletwa hospitali wamezimia, daktari ajue. Akishikwa, ipo tiba ya sukari na ya hemu yenyewe kupitia mshipa. Jamaa zake nao hupimwa kabla hawajaugua. Kadi ndogo kama hiyo ingeweza kumwokoa yule muuguzi.

Anza na daftari moja

Mama mpendwa, huhitaji kwenda kwenye maktaba ya Cape Town. Nunua daftari, na uanze Jumapili hii baada ya chakula, wazee wakiwa wameshiba na wametulia.

Anza na walio hai, kama Dean alivyoanza. Mwulize mama yako, kisha mama mkwe wako, maana watoto wako ni wa koo mbili. Andika jina la kila mtu, mwaka aliozaliwa, na kama amefariki, alikufa akiwa na umri gani na aliugua nini. Usikubali neno "alirogwa" likufunge mlango. Uliza: "Alianza kuumwa wapi? Alivimba? Alikuwa wa manjano? Alianguka kifafa?"

Waandike na watoto waliokufa wadogo. Hao ndio tunaowasahau, na mara nyingi hao ndio wenye habari.

Uliza kama yuko mtu aliyezidiwa baada ya kupewa dawa fulani au nusu kaputi. Uliza habari za kisukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu, na saratani ya matiti.

Usiulize kwa kuhoji kama polisi. Sema, "Nataka wajukuu wako wakujue." Mzee akinyamaza, mwache. Rudi siku nyingine na uwe umebeba sukari.

Tazama pia vyeti vya ubatizo na ndoa, kwa sababu kumbukumbu ya mtu huchanganya miaka, lakini kitabu cha kanisa hukumbuka. Kisha daftari liende nawe kliniki. Nesi akikuuliza, "Katika ukoo wenu yuko mtu aliyewahi kuugua hivi?" usikimbilie kusema "Hakuna." Mfungulie.

Ariaantje hakuwa na mtu wa kumwambia wazazi wake waliugua nini. Alipanda merikebu bila hata kurasa mbili za habari za kwao, na wajukuu wake walilipa kwa muda wa karne mbili na nusu. Watoto wako wanaye wa kuwaambia. Ni wewe.